Pikapu ya Ndugu: Ikague Kwanza, Uilipe Baadaye

Mkulima wa skimu huenda akavuna vizuri, lakini asipokuwa na njia ya kufikisha mazao yake sokoni, mavuno hayo ni hasara. Maziwa hayangoji. Nyanya hazingoji. Ndizi zilizokatwa jana, leo zimepungua bei. Kwa sababu hiyo wakulima wengi wa pande za Thika na Ruiru hutamani kuwa na pikapu yao wenyewe. Pikapu mpya ni ghali mno, basi wengi huwageukia jamaa zao. Hakosekani baba mdogo, mjomba au shemeji mwenye pikapu iliyofanya kazi miaka mingi, naye sasa ataka kuiuza.

Kununua kwa jamaa kuna faida. Unamjua mwenye gari, unajua alilipeleka wapi na alibeba nini. Lakini kuna hatari moja kubwa, nayo ni aibu. Gari la mgeni mtu hulikagua hata uvunguni. Gari la baba mdogo hulitazama rangi tu, asije akaonekana hamwamini mzee. Miezi miwili baadaye injini inakufa na deni halijaisha. Mnunuzi hukataa kulipa, muuzaji hukasirika, na watu wa nyumba moja huacha kusalimiana hata msibani.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: kukagua na kuandikiana si kumtukana ndugu. Ndiko kunakoulinda undugu.

MWENDO MREFU SI UGONJWA

Wengine husikia ya kwamba gari limekwenda kilomita 300,000 na hukimbia. Wasikimbie kabla ya kufanya hesabu. Gari la miaka 15 lenye mwendo huo limekwenda kilomita 20,000 kwa mwaka, yaani kama 55 kwa siku. Hiyo si kazi ya ajabu kwa pikapu nzuri ya dizeli, maadamu ilibadilishwa oili kwa wakati wake.

Fikiri magari mawili. La kwanza limekwenda kilomita 300,000, mara nyingi kwenye lami kati ya Ruiru na Nairobi, na mwenyewe ameandika kila siku aliyobadilisha oili. La pili limekwenda 120,000 tu, lakini lilibeba mawe ya ujenzi kutoka machimbo ya Ndarugu kila siku, tena kupita kiasi. Hilo la pili laweza kuwa limechoka zaidi. Basi usiulize tu, "Limekwenda kilomita ngapi?" Uliza pia, "Lilikwenda wapi, na lilibeba nini?"

Tena, usiiamini mita peke yake, kwa maana mita yaweza kurudishwa nyuma au kubadilishwa. Tazama mpira wa pedali ya klachi, usukani na kiti cha dereva. Ikiwa mita yasema 90,000 na mpira wa pedali umelika hadi chuma, pedali ndiyo inayosema kweli.

NAMNA YA KUOMBA RUHUSA

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa hawajui waanze vipi. Sema kwa heshima, na useme mapema, kabla ya kutaja bei. Kijana aweza kumwambia mzee wake hivi:

"Baba, gari ni lako na neno lako naliamini. Lakini gari halijui undugu. Nakuomba ruhusa fundi alitazame, ili kesho nisije nikakulaumu kwa jambo ambalo hata wewe hukulijua."

Mzee mwenye nia njema hatakataa. Akikataa kabisa, umshukuru, na utafute gari mahali pengine.

Fundi asiwe yule aliyekuwa akilitengeneza gari hilo siku zote, wala asiwe jamaa wa muuzaji. Mji wa Thika una mafundi wengi, na magari yameundwa huko tangu miaka ya 1970, katika kiwanda kilichoitwa kwanza Leyland Kenya na baadaye Kenya Vehicle Manufacturers. Mlipe fundi wako ujira wake kamili. Ujira wa fundi wa siku moja ni mdogo kuliko bei ya injini.

MAMBO YA KUTAZAMA

1. Fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Injini mbovu huficha ugonjwa wake ikisha kupata moto.

2. Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ni jambo la kawaida kwa dizeli. Lakini oili yenye rangi ya maziwa au chai ya maziwa ina maana ya kuwa maji yameingia ndani. Fungua pia rejeta, nayo iwe baridi. Usiifungue kamwe ikiwa moto, maana maji yataruka na kukuunguza. Ukiona mafuta yakielea juu ya maji, yawezekana gaskiti ya kichwa cha injini imekufa au kichwa chenyewe kimepasuka.

3. Washa, na umwambie mtu mwingine atazame bomba la moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mwingi kwa dizeli waonyesha nozo au pampu mbovu, au chujio la hewa lililoziba. Moshi mweupe asubuhi ya baridi waweza kuwa mvuke tu; lakini ukiendelea hata injini ikipata moto, kuna jambo.

4. Injini ikiwa inanguruma, fungua polepole kifuniko cha kutilia oili. Upepo kidogo si neno. Moshi ukitoka kwa nguvu kama wa chungu kinachochemka, ringi na silinda zimelika.

5. Ikiwa injini ina mkanda wa taiming, uliza ulibadilishwa lini. Kitabu cha gari husema ubadilishwe baada ya mwendo gani. Mkanda huo ukikatika njiani, waweza kuvunja valvu na kuharibu injini yote. Kama mwenye gari hakumbuki, hesabu kuwa utaununua mwingine.

6. Lala chini ya gari. Chesisi ndiyo mifupa ya pikapu. Tafuta nyufa, kutu iliyokula chuma, na mahali palipochomelewa, hasa karibu na mashikio ya springi. Rangi mpya iliyopakwa chini peke yake yafaa kutiliwa shaka. Tazama springi zilizopasuka au kuongezwa majani mengi, kwa kuwa hiyo ni dalili ya mizigo mizito.

7. Soma namba ya chesisi na namba ya injini kwa macho yako, uzilinganishe na zile za logbuku, herufi kwa herufi.

JARIBU GARI KWENYE NJIA YAKO

Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ni pana na laini. Kutoka Ruiru mpaka Thika ni kama kilomita 20, na gari lolote linaloweza kutembea litakupendeza hapo. Jaribu kwenye lami, ndiyo, ili uone kama gari lavuta upande mmoja au usukani watetemeka kwa mwendo wa 80. Lakini usiishie hapo. Lipeleke kwenye kilima, kwa mfano njia za kupanda kuelekea Gatanga au Gatundu, uone kama lina nguvu na kama mshale wa joto wapanda. Klachi ikiwa imelika, injini italia sana na gari halitaongeza mwendo.

Kisha lipitishe kwenye njia ya udongo inayofanana na ile ya shamba lako, pole pole, madirisha yakiwa wazi. Sikiliza. Mlio wa kugonga mbele ni bushi au mipira ya usukani. Mlio wa kulia nyuma, unaobadilika kwa mwendo, ni difu au beringi. Mwisho, pakia magunia machache ujaribu breki. Pikapu ya mkulima hainunuliwi ili itembee tupu.

HESABU YA BEI

Mwambie fundi aandike mambo aliyoyaona kwa mafungu matatu: yale ya lazima kabla ya gari kwenda barabarani, yale ya mwaka huu, na yale yanayoweza kungoja.

Huu hapa mfano wa kuonyesha njia tu. Bei za kweli uziulize sokoni. Tuseme pikapu ya namna hiyo, ikiwa nzima, huuzwa Sh. 500,000. Fundi aona tairi nne za Sh. 50,000, klachi ya Sh. 30,000, na breki pamoja na bushi za Sh. 20,000. Jumla ni Sh. 100,000. Basi bei ya haki ni Sh. 400,000. Baba mdogo akikupunguzia zaidi kwa ajili ya undugu, mshukuru. Lakini akikuuzia kwa Sh. 450,000 na kusema ni bei ya ndugu, mwonyeshe karatasi ya fundi kwa upole.

Pima pia kama pikapu yafaa kununuliwa. Ukikodi gari mara 2 kwa juma kwa Sh. 2,000, mwaka mzima utatoa Sh. 208,000. Andika upande wa pili bima, ukaguzi, dizeli, tairi na matengenezo. Ikiwa upande huo ni mkubwa zaidi, ni afadhali kukodi, au mnunue gari moja wakulima wawili au watatu kwa mapatano yaliyoandikwa.

KARATASI

Wakulima wa skimu wanayajua haya vizuri. Tangu mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, familia nyingi zimesumbuka kwa sababu shamba lilibaki katika jina la mzee aliyefariki. Gari nalo lina mambo yale yale.

Kwanza, tazama logbuku ina jina la nani. Kwa ada ndogo waweza kuomba maelezo ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa njia ya eCitizen. Jina likiwa la benki au chama cha akiba na mikopo pamoja na la jamaa yako, deni bado lipo. Tena, kwa sheria ya mwaka 2017 kuna daftari ya serikali ya mali inayohamishika iliyowekwa dhamana. Itafutwe huko pia.

Pili, jina likiwa la marehemu, ngoja. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, yakataza mtu kuishika au kuiuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na kufanya hivyo ni kosa. Hata kama ndugu wote wanakubali leo, lazima kwanza mahakama itoe hati ya usimamizi. Msimamizi huyo ndiye mwenye uwezo wa kuuza.

Tatu, hamisheni jina upesi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 403, yasema mwenye gari aliyeandikwa aarifu ndani ya siku 7 tangu kuuza, na gari lisitumiwe barabarani zaidi ya siku 14 kabla mnunuzi hajaandikwa kuwa mwenyewe. Sheria hiyo hiyo humhesabu mtu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Maana yake ni nini? Kijana akimgonga mtu huko Juja, na jina bado ni la baba mdogo wa Ruiru, barua ya wakili itamwendea mzee aliyelala nyumbani kwake. Kwa hiyo kuhamisha jina humlinda muuzaji hata kuliko mnunuzi. Mweleze mzee hivyo, naye hataona kuwa unamharakisha.

Nne, kata bima yako mwenyewe kabla ya kuliendesha. Usitegemee bima ya muuzaji, maana yeye aliikata kwa jina lake. Kumbuka pia ya kuwa gari la kubeba mizigo hutakiwa kukaguliwa kila mwaka.

Tano, andikeni mapatano. Karatasi moja yatosha: majina na namba za vitambulisho, namba ya gari, chesisi na injini, kilomita za siku hiyo, bei, fedha zilizotolewa na zilizobaki, makosa ya gari ambayo nyote mmeyaona, tarehe na saa ya kukabidhiana. Watie sahihi mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Mke wa muuzaji na wa mnunuzi wajue habari hii. Fedha zipite benki au M-Pesa, zisipite mkono kwa mkono.

Ikiwa mtalipana kwa mafungu, andikeni wazi nani atatengeneza gari likiharibika kabla deni halijaisha, na itakuwaje fungu moja likikosekana. Maswali haya ni rahisi kujibu leo mkinywa chai pamoja. Ni magumu sana gari likiwa limesimama kando ya njia na mazao yanaoza ndani yake.

Undugu ni kufaana. Jamaa anayekuuzia gari lililokaguliwa, kwa bei iliyo wazi na kwa jina lililohamishwa, amekufaa kweli, nawe umemfaa. Siku ya soko utampita njiani na gari limejaa kabichi, naye atakupungia mkono.