Saa 15 Angani: Nairobi hadi New York

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la ufahamu kuhusu tiketi ya ndege ya Nairobi hadi New York. Ndege inaondoka 23:30 na kufika 06:30 siku ya pili yake. Tuliuliza safari inachukua muda gani. Wengi walijibu, "Saa saba."

Umbali baina ya viwanja hivyo, Jomo Kenyatta na John F. Kennedy, ni takriban kilomita 11,800. Ukigawa kwa 7 unapata karibu kilomita 1,700 kwa saa, ilhali ndege ya abiria huenda kama kilomita 900. Kwa hakika safari hiyo ya moja kwa moja, iliyoanzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, huchukua kama saa 15. Tiketi huandika saa za mahali: kuondoka ni saa za Nairobi, kufika ni saa za New York, ambako wako nyuma yetu kwa saa 8 majira ya baridi, na saa 7 majira ya joto. (Wakati wa kurudi, upepo wa juu uvumao kutoka magharibi huisukuma ndege, na safari hupungua kwa kama saa moja.)

Hiyo ni hesabu tu. Kwetu walimu wa lugha tatizo ni neno "saa" lenyewe, ambalo ni kifaa, ni kipimo cha muda, na ni wakati wa siku. "Safari ni saa nane" ina maana mbili. Ndiyo maana tunasisitiza "huchukua muda wa saa nane". Wapo wasemao "masaa" ili kutofautisha. Wanasarufi wengi huikataa, lakini katika mazungumzo sisi hatumkati mwanafunzi alama kwa hilo.

Mhitimu wetu mmoja, akienda Marekani kufundisha Kiswahili, alimwandikia mwenyeji wake aliyekwisha kujifunza lugha yetu: "Nitafika saa 12:30 asubuhi." Hakukosea; ndivyo isemwavyo 06:30 kwa Kiswahili, na kwa Kiganda pia. Mwenyeji alizisoma tarakimu kwa desturi ya kwao, akaenda uwanjani nusu saa baada ya usiku wa manane, akangoja, asimwone mtu, akarudi kulala. Kijana wetu alitua alfajiri na kukaa juu ya sanduku lake hadi adhuhuri, simu yake haina laini ya huko.

Tangu hapo tunafundisha kuandika yote mawili: "06:30, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa za New York." Tarakimu zifuate tiketi, maneno yafuate Kiswahili.

Zoezi kwa wasomaji: ndege imeondoka New York 12:30 mchana, mwezi Januari, na imekaa angani saa 14. Itatua Nairobi saa ngapi? Jibu liandikwe kwa maneno.