Rangi ya Maji na Jamii za Fitoplanktoni katika Ghuba ya Berkeley, Mpakani mwa Kenya na Uganda

Mto Sio, ambao sehemu yake ni mpaka wa Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, huingia Ziwa Viktoria katika Ghuba ya Berkeley. (Maji ya Tororo, kwa sehemu kubwa, hufuata Mto Malaba kuelekea Ziwa Kyoga.) Tangu miaka ya 1960, diatomu katika Ziwa Viktoria zimepungua huku sayanobakteria wakitawala. Baadhi yao hutoa mikrosistini, sumu ya ini isiyoondolewa kwa kuchemsha maji. Kwa familia za Majanji na Port Victoria zinazotumia maji ya ziwa, aina ya fitoplanktoni ina uzito kuliko wingi wake.

Mbinu ya kukadiria klorofili kwa kulinganisha mwanga wa buluu na wa kijani ilibuniwa kwa ajili ya bahari kuu, ambako fitoplanktoni ndiyo hasa hubadili rangi ya maji. Ghubani hali ni nyingine. Mto Sio na jirani yake Nzoia huleta mashapo, na maji ya kahawia ya vinamasi hufyonza mwanga wa buluu kama ifanyavyo klorofili. Baada ya mvua, fomula ya baharini huweza kutangaza mlipuko wa mwani mahali palipo na udongo tu.

Nafuu iko katika mwanga mwekundu. Klorofili hufyonza mwanga karibu na nanomita 665. Fikosayanini, rangi ya sayanobakteria, hufyonza karibu na 620. Kihisi cha MERIS (2002–2012) kilipima mawimbi hayo yote mawili, na OLCI ya setilaiti za Sentinel-3 inaendelea tangu 2016. MODIS haina bendi ya 620.

Hata hivyo, kila nukta ya picha hizo ni mita 300, hivyo ufukweni penye mafunjo, ndiko hasa watu wachotako maji, nchi kavu na ziwa huchanganyika. Aidha, fikosayanini hudhihirisha kiumbe, si sumu: aina zenye sumu na zisizo nayo hufanana machoni pa setilaiti. Sampuli za mashua hazikwepeki. Iwapo taasisi za utafiti za Jinja na Kisumu zitachuja na kupima klorofili kwa taratibu tofauti, ramani itachora mpaka majini ambao ziwa haliujui. Utaratibu mmoja, na sampuli zikichotwa pande zote mbili karibu saa nne asubuhi, Sentinel-3 ipitapo juu, ungeigharimu kila nchi siku chache za mashua kwa msimu.