Barua ya Maombi kwa Mwenye Kubadili Taaluma

Mtu aliyedumu katika kazi moja kwa miaka mingi, kisha akaazimia kuomba kazi ya namna nyingine, hukabiliwa na shida ambayo mwombaji wa kawaida haijui: wasifu wake, hata ukipangwa kwa ustadi wa namna gani, humshuhudia kwa jambo lisilotafutwa. Mwajiri anayetafuta afisa mikopo, akifungua karatasi na kukuta shahada ya ualimu, kisha ualimu, kisha ualimu tena, aghalabu huiweka kando pasipo kinyongo chochote, maana hana wasaa wa kumkisia mtu asiyemjua mambo ambayo mwenyewe hakuyasema. Kuyasema hayo ndiyo kazi ya barua. Na kwa mwombaji huyu, naona barua ndiyo maombi yenyewe, ilhali wasifu ni kiambatisho chake tu.

Tumchukue kwa mfano mwalimu wa hisabati wa sekondari nchini Tanzania, ambaye amekuwa pia katika kamati ya mikopo ya chama cha kuweka na kukopa cha walimu wenziwe, na sasa anaomba kuwa afisa mikopo katika benki. Barua yake, ikifuata ada iliyozoeleka, itaanza kwa kusema kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu, awezaye kufanya kazi katika mazingira magumu na chini ya usimamizi mdogo. Hayo ni maneno ambayo waombaji wote huyaandika, na kwa hiyo hayampambanui na yeyote. Hali katika amali zake za kila mwezi mna ithibati iliyo bora zaidi, lau angeiandika hivi: “Katika chama chetu nilipokea maombi ya mikopo, nikayapima kwa hati za mishahara za waombaji, nikayarudisha yale ambayo makato yake yangemwacha mtu chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na kila mwisho wa mwezi nikalinganisha daftari la chama na taarifa ya benki.” Asomaye sentensi hiyo humwona afisa mikopo aliyekwisha kuanza kazi, ila hajapewa cheo. Wala ualimu wenyewe asiufiche kana kwamba ni aibu, kwani kumfafanulia mkopaji riba na marejesho mpaka ayafahamu ni darasa kama darasa jingine. Seremala wa milango aendaye kuunda majahazi haiachi randa yake nyumbani. Na ikiwa ameanza kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, aitaje bayana, kwa sababu anayejifunza kabla ya kuajiriwa huonyesha kuwa azma yake si ya jana.

Barua mashuhuri kupita zote za namna hii ni ile iliyoandikwa kwa jina la Leonardo da Vinci, mnamo mwaka 1482 au karibu yake, kwa Ludovico Sforza, aliyekuwa akiitawala Milan. Leonardo alikuwa amefunzwa uchoraji huko Florence, lakini kwa kuwa zama zile zilikuwa za vita, alitanguliza madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga, njia za kuchimbwa chini ya ardhi na magari ya vita yaliyofunikwa. Ujenzi wa wakati wa amani akauweka katika fungu la kumi, kisha ndipo akataja uchongaji na uchoraji. Na mwisho akajitolea kujaribiwa, iwapo lolote katika hayo litaonekana haliwezekani. Simshauri mtu adai ujuzi ambao hajapata kuutumia, kama alivyothubutu mchoraji yule katika mambo ya vita. Ila mpango wake wa kuanza na haja ya mwandikiwa, na ule utayari wa kupimwa, ni mambo yanayofaa kuigwa hata leo.

Sababu ya kuhama itajwe kwa sentensi moja au mbili, kwa ukweli na kwa staha, bila ya kumshutumu mwajiri wa kwanza. Kwani hata kama mshahara ulikuwa haba na wakuu walikuwa wakali, mwandikiwa hana njia ya kujua ni nani mkosa, na atachelea kuwa kesho zamu ya kulaumiwa itakuwa yake. Unyenyekevu uliopita kiasi nao hudhuru: aandikaye “nifikirieni japokuwa sina uzoefu” amekwisha kujihukumu kabla ya kuhukumiwa.

Kuhusu umbo hapana mjadala mrefu: anwani mbili, tarehe, kichwa kinachotaja cheo kama kilivyotangazwa, aya tatu au nne, na sahihi, ukurasa mmoja watosha. Anayeomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ajue kwamba matangazo yake hutaka barua iliyotiwa sahihi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Aliye mtumishi wa umma tayari hutakiwa kuipitisha barua yake kwa mwajiri wake. Na kwa asiye kazini Serikalini ukomo wa umri utajwao kwa kawaida ni miaka 45. Basi mwenye nia ya kuhama na asikawie, na tangazo alisome mpaka mstari wa mwisho kabla hajashika kalamu.