Mgombea, Mbolea na Mahindi ya Kuchoma

Nawaandikia kutoka Endebess, Trans Nzoia, ambako barabara ya Kitale inaendelea hadi Suam, mpakani na Uganda. Hapa maisha ni mahindi. Wakulima niliowasikiliza wanawapima wagombea wa 2027 kwa bei ya mbolea na bei ya gunia. Sera ya nje wanawaachia wakubwa wa Nairobi. Mimi naona wanaachia kilicho chao, na mfano ni William Ruto.

Juni 2022, akiwa bado mgombea, Ruto aliambia kongamano la uchumi jijini Nairobi kwamba Wachina wanaochoma mahindi na kuuza simu watarudishwa kwao, na ndege za kuwabeba zipo. Aliahidi pia kuanika mikataba ya reli ya SGR, ambayo sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa, maana ndiyo iliyovuta makontena kutoka Mombasa na kuwaacha madereva wa malori bila kazi. Mikataba ilianikwa Novemba 2022, sehemu tu. Ndege hazikuruka. Oktoba 2023 Ruto alikuwa Beijing akitafuta mkopo mpya, na Aprili 2025 akarudi huko kwa ziara ya kitaifa. Novemba mwaka huo alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, njia ya malori ya mahindi kutoka huku, na wajenzi ni kampuni za Kichina.

Kisa cha Sahara Magharibi kinaigusa Endebess zaidi. Tarehe 13 Septemba 2022 Ruto aliapishwa, na kiongozi wa Sahara Magharibi, Brahim Ghali, alikuwa miongoni mwa wageni. Siku hiyo hiyo rais mpya alitangaza mbolea ya ruzuku: gunia la kilo 50 lingeshuka kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Kesho yake, baada ya kumpokea waziri wa Moroko, aliandika Twitter kwamba Kenya haiitambui tena nchi ya Ghali. Taarifa iliyotolewa ilitaja uagizaji wa mbolea, na Moroko ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa fosfeti duniani. Ujumbe wa Twitter ukafutwa. Tarehe 16 Wizara ya Mambo ya Nje ikawaandikia mabalozi kwamba msimamo ni ule ule wa Umoja wa Afrika, na kwamba Kenya haiendeshi sera yake ya nje kwa Twitter bali kwa hati rasmi.

Mei 2025, mjini Rabat, hati rasmi ilikuja: Kenya iliunga mkono mpango wa Moroko.

Kubadilika kwenyewe hakunishangazi. Mgombea anatafuta kura ya mama anayechoma mahindi kando ya barabara; rais anakuta madeni mezani, na hakuna nchi inayoidai Kenya zaidi ya Uchina. Linalonikera ni kwamba kila zamu mkulima husikia mwisho.

Machi 2021, kwa mfano, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Hiyo nayo ni sera ya nje, na bei ya gunia hapa huifuata.

Kwa hiyo wagombea wakifika Endebess, Ruto akiwamo, ningewauliza kwa maandishi: mahindi yatapita Suam kwa masharti gani, mbolea itatoka wapi, na tumemwahidi nini anayetuuzia?