Spika 'inavuma' au 'inakoroma'? Teua neno kabla ya kumwita fundi

Makala ya leo yamezaliwa sebuleni. Mama yangu anaishi Homa Bay, nami nafanya kazi mjini Migori. Mwaka uliopita mimi na ndugu zangu tulichanga tukamnunulia mfumo wa sinema ya nyumbani, ule ambao wengi wetu huuita 'hom thieta': spika tano ndogo na wufa moja. Baada ya miezi michache alinipigia simu. "Mwanangu, ile redio yenu sauti yake imeharibika."

Nami nikampigia fundi wa huko nikayarudia maneno hayo hayo: sauti imeharibika. Fundi alikuja, akafungua amplifaya, akabadilisha vipuri viwili vitatu, akalipwa Sh3,500. Alipojaribu kwa muziki, spika zililia vizuri, akaenda zake.

Hali ilibaki vilevile, ila sasa Mama hakulalamika tena. Alikuwa ameanza kuamini kwamba masikio yake ndiyo yaliyochoka. Nilipofika nyumbani mwisho wa mwezi, nilimkuta ameketi karibu kabisa na runinga, akiitazama midomo ya mtangazaji.

"Mama, husikii nini hasa?" nikamuuliza.

"Muziki nausikia. Wufa naisikia hadi kifuani. Maneno ndiyo siyasikii."

Jibu hilo lilimaliza kazi. Katika mfumo wa spika tano, mazungumzo aghalabu hupelekwa kwenye spika ya katikati, nao muziki na sauti za mazingira husambazwa kwenye spika za pembeni. Nilichungulia nyuma ya kabati. Waya wa spika ya katikati ulikuwa umechomoka, bila shaka siku kabati liliposogezwa wakati wa kufagia. Fundi hakuugundua kwa kuwa muziki alioujaribia ulitoka kwenye spika za pembeni.

Je, kosa lilikuwa la nani? Nadhani lilikuwa langu. Neno 'sauti' ni pana mno. Hujumuisha maneno, muziki, mlio na hata kelele. Mzungumzaji wa Kidholuo hutofautisha 'duol' (sauti) na 'koko' (kelele) bila kufikiri mara mbili. Kiswahili nacho kina hazina kubwa zaidi ya neno hilo moja. Tuyatazame manne yanayomfaa mwenye spika.

Kwanza, kuvuma. Huu ni mlio mzito usiokatika, mfano wa nyuki mzingani. Umeme wetu nchini hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wake huweza kupenya hadi kwenye spika. Chomoa waya unaoleta sauti kutoka kwa runinga au king'amuzi. Mvumo ukinyamaza, kasoro iko kwenye waya huo au chombo unakotoka. Ukiendelea, tazama amplifaya yenyewe na mahali inapochomekwa. Usikubali kabisa kukatiwa waya wa ardhi ili mvumo uishe; waya huo ndio unaokukinga na umeme.

Pili, kukwaruza. Hapa sauti hutoka kama kitu kinachoparuzwa. Ukisikia mkwaruzo unapozungusha kitufe cha kuongezea sauti, huenda vumbi limeingia ndani yake. Ukiusikia unapogusa waya, basi waya umelegea.

Tatu, kukoroma. Spika hukoroma hasa sauti inapopandishwa. Zima mtambo, kisha ubadilishane spika ya kulia na ya kushoto. Mkoromo ukihama pamoja na spika, spika hiyo ndiyo mgonjwa; pengine karatasi yake imechanika. Ukibaki upande ule ule, mshuku waya au amplifaya. Jaribio hili halihitaji hata shilingi moja.

Nne, kukatika. Sauti huja na kwenda, au mtambo hujizima wenyewe. Yawezekana nyuzi za waya mwekundu na mweusi zinagusana, au mtambo umepata joto kupita kiasi kwa kufunikwa kitambaa cha mapambo. Wapenzi wa vitambaa vya kufuma, mnanisikia?

Msomaji atang'amua kuwa vitenzi hivi huzaa nomino kwa utaratibu mmoja: vuma huzaa mvumo, kwaruza huzaa mkwaruzo, koroma huzaa mkoromo, na lia huzaa mlio. Zote zimo katika ngeli ya U-I: mvumo umezidi, mivumo imezidi.

Lipo pia suala la majina ya vifaa. 'Kipaza sauti' kinatutatiza. Katika mikutano ya hadhara, mgeni wa heshima 'hukabidhiwa kipaza sauti', yaani kile anachokizungumzia. Papo hapo mwingine atasema 'vipaza sauti vimefungwa kwenye miti', akimaanisha vile vinavyotoa sauti. Ukimwambia fundi kuwa kipaza sauti kimeharibika, atabeba kifaa kipi? Pendekezo langu ni kutumia 'maikrofoni' kwa kile cha kwanza na 'spika' kwa cha pili. Chombo kinachoipa sauti nguvu kiitwe 'kikuza sauti' au 'amplifaya'.

Hata hivyo, neno 'spika' nalo lina ngeli mbili. Yule wa bunge ni wa A-WA: spika amewasili. Ile ya sebuleni ni ya I-ZI: spika imeharibika, spika zimeharibika. Kwa hiyo anayesema 'spika anakoroma' hamzungumzii fundi. Anazua kesi nyingine kabisa!

Siku hizi, kabla ya kumwita fundi, mimi hujiuliza mambo matatu. Ninasikia nini, na nini sisikii? Hutokea lini: wakati wote, sauti ikipanda, au waya ukiguswa? Na hutokea upande upi? Majibu hayo nikiyasema kwa kitenzi kinachofaa, fundi huja akijua pa kuanzia.

Naye Mama? Niliporudisha waya ule, taarifa ya saa moja ilikuwa ndiyo inaanza. Alirudisha kiti chake nyuma hadi ukutani, akasikiliza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe bado nasikia."