Mizabibu ya Lanzarote: Kilimo Kilichozaliwa na Volkano

Lanzarote ni kisiwa cha Hispania katika Bahari ya Atlantiki, kimojawapo cha Visiwa vya Kanari, ambavyo viko karibu zaidi na pwani ya Afrika kuliko ya Ulaya. Kutoka kisiwani hapo hadi Moroko ni kilometa zipatazo 125 tu. Mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 150, mto haupo, na upepo wa kaskazini-mashariki huvuma kwa nguvu karibu miezi yote. Mkulima yeyote angesema kwamba ardhi ya namna hiyo haifai kwa mizabibu, lakini humo ndimo unamotoka mvinyo mweupe ambao, japokuwa haujapata sifa ya ule wa Rioja, unastahili kuhesabiwa miongoni mwa mvinyo bora wa Hispania.

Kilimo hicho kilitokana na maafa. Usiku wa tarehe 1 Septemba 1730 ardhi ilipasuka karibu na kijiji cha Timanfaya, na milipuko ya volkano iliyoanza hapo iliendelea kwa vipindi hadi mwaka 1736. Andrés Lorenzo Curbelo, padri wa Yaiza, aliweka kumbukumbu za yale aliyoyashuhudia, zikiwamo habari za vijiji vilivyomezwa na lava, yaani mawe yaliyoyeyuka na kutiririka kama uji wa moto, na za mifugo iliyoanguka na kufa kwa mvuke wenye sumu. Milipuko ilipokoma, takriban robo ya kisiwa ilikuwa imefunikwa, na katika robo hiyo ndimo yalimokuwa mashamba bora ya nafaka.

Palepale ambapo ngano ilishindikana, wakulima walitambua jambo ambalo hadi leo ndilo msingi wa uhai wao. Changarawe nyeusi na nyepesi iliyorushwa na volkano, ambayo wenyeji huiita picón au rofe, ina matundu madogo madogo. Mvua inaponyesha, maji hupenya upesi hadi kwenye udongo wa zamani ulio chini yake, kisha tabaka hilo la changarawe huuzuia unyevu usikaushwe na jua wala upepo. Usiku nao, hewa ya baharini inapopoa, changarawe hiyo husaidia kuhifadhi umande. Hivyo kilichoangamiza mashamba ndicho kilichogeuka kuwa hifadhi ya maji.

Ugumu ulikuwa katika kuufikia udongo huo. Katika bonde la La Geria, ambako changarawe ni nene, kila mzabibu hupandwa katika shimo lake, pana juu na jembamba chini, ambalo kina chake huweza kufika meta 3. Mzabibu hukaa chini kabisa, mizizi yake ikiwa katika udongo wa zamani na matawi yake yakitambaa juu ya changarawe, na upande unakotoka upepo hujengwa ukuta mfupi wa nusu duara, kwa mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa. Ukuta huo si pambo, kwa kuwa bila kinga hiyo upepo ungevunja machipukizi na kulijaza shimo.

Zabibu inayotawala kisiwani ni Malvasía Volcánica, aina nyeupe ambayo utafiti wa vinasaba umeonyesha kuwa ilitokana na kuchanganyika kwa Malvasía ya kale na aina ya Kanari iitwayo Marmajuelo. Mvinyo wake mkavu, yaani ule ambao sukari yake karibu yote imegeuka kuwa kileo, una harufu ya matunda jamii ya limau, ukali wa wastani na ladha ya mbali ya chumvi. Mvinyo wake mtamu una historia ndefu zaidi, nao haupaswi kupuuzwa. Kwa mvinyo mwekundu hutumika hasa Listán Negro. Jambo lingine la thamani ni kwamba filoksera, mdudu mdogo mla mizizi aliyeteketeza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, hakukifikia kisiwa hiki wakati huo, na kwa hiyo mizabibu mingi husimama juu ya mizizi yake yenyewe, bila kuunganishwa na shina la Kimarekani kama ilivyolazimu kwingineko.

Tangu 1993 jina la Lanzarote linalindwa kisheria kama jina la asili ya mvinyo, lakini sheria haichimbi mashimo. Hekta moja ya La Geria hubeba mizabibu ipatayo 300 tu, ilhali mashamba ya kawaida ya Ulaya hubeba maelfu, na kwa sababu trekta haliwezi kupita kati ya mashimo, kupogoa, kuvuna na kuzoa changarawe iliyoporomoka hufanywa kwa mikono. Zamani mavuno yalibebwa na ngamia. Mahali ambapo changarawe ni nyembamba, baadhi ya wakulima hupanda katika mitaro iliyonyooka, ambayo huchukua mizabibu mingi zaidi na kupunguza gharama. Uamuzi huo unaeleweka, lakini mashimo ya La Geria yatadumu pale tu mnunuzi atakapokubali kuilipia kazi hiyo ya mikono katika bei ya chupa.