Kwa Nini Muuguzi Hukuuliza Kuhusu Pombe Unapofika Hospitalini Ukiwa Umeumia

Mtu ameanguka na bodaboda usiku akitoka soko la Tseikuru. Mwingine amejeruhiwa kwa panga baada ya maneno kuzidi kilabuni. Mwingine ameanguka tu njiani, na waliomleta hawajui alianguka saa ngapi. Wote wakifika katika kitengo cha dharura, muuguzi au afisa wa kliniki huuliza swali ambalo wagonjwa wengi hawalipendi: "Umekunywa pombe leo? Na kwa kawaida hunywa kiasi gani?"

Wengi hulichukua swali hili kama lawama, hasa jamaa wanapokuwa wamesimama kando ya kitanda. Kuna wanaokana kabisa, na wengine hujibu kuwa wameonja kidogo tu. Makala haya yanaeleza swali hilo ni la nini, jibu lako hutumika vipi, na kwa nini kusema ukweli kunaweza kuokoa maisha yako.

Sababu ya kwanza ni usalama

Pombe huficha magonjwa mengine. Mtu aliyegonga kichwa anaweza kuzungumza kwa kigugumizi, kutapika na kuyumba, na dalili hizo zikafanana kabisa na za mlevi, kumbe damu inavuja ndani ya fuvu. Mwenye sukari iliyoshuka, aliyetoka kupatwa na kifafa au mwenye malaria kali pia anaweza kuonekana kama amelewa. Zaidi ya hayo, kunywa bila kula kunaweza kushusha sukari ya mwili hadi kiwango cha hatari. Kwa hiyo mhudumu anahitaji kujua mgonjwa alikunywa nini, kiasi gani na saa ngapi, ili asisingizie pombe jambo ambalo halikuletwa na pombe.

Jibu lako pia huamua dawa utakazopewa. Pombe ikichanganyika na dawa za usingizi au za maumivu makali inaweza kupunguza pumzi. Baadhi ya dawa za kifafa, kisukari na kifua kikuu nazo hazipatani na pombe.

Kwa wakazi wa Tseikuru jambo hili lina uzito wa ziada. Mgonjwa akihitaji rufaa, safari ya kupitia Kyuso na Mwingi hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kitui ni ndefu. Uamuzi wa kumsafirisha mara moja au kusubiri kwanza "pombe imtoke" unahitaji habari za kweli kutoka kwake au kwa waliomleta.

Maswali kumi

Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya maswali kumi ya kupima unywaji wa pombe, na hutumika katika nchi nyingi. Kila swali lina alama 0 hadi 4, hivyo jumla ya juu kabisa ni 40. Maswali matatu ya kwanza yanahusu unywaji wenyewe: unakunywa mara ngapi, ukinywa unamaliza kiasi gani, na ni mara ngapi unakunywa vinywaji sita au zaidi kwa mkao mmoja. Yanayobaki huuliza kama umewahi kushindwa kuacha baada ya kuanza, kushindwa kutimiza wajibu wako, kuhitaji pombe asubuhi ili utulie, kujuta, kusahau yaliyotokea usiku, kuumia au kuumiza mtu, au kama kuna mtu amekueleza wasiwasi wake kuhusu unywaji wako.

Alama 8 au zaidi zinaonyesha kwamba unywaji wako una hatari kwa afya, hata kama hujioni mlevi. Alama 20 au zaidi zinaashiria kwamba huenda mwili umekuwa tegemezi na unahitaji matibabu maalum. Walio katikati ndio wanaofaidika zaidi na ushauri mfupi: anaendelea na kazi na anatunza familia, lakini siku za soko au baada ya kuuza ndengu anakunywa hadi anashindwa kuendesha pikipiki.

Kinywaji kimoja ni kiasi gani?

Katika kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kinywaji kimoja kina gramu 10 za pombe halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20, yaani vinywaji viwili. Chupa ya robo lita ya pombe kali yenye asilimia 40 inakaribia vinywaji vinane. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo aliyemaliza chupa hiyo saa nne usiku huenda bado ana pombe mwilini kunapokucha. Kahawa, supu au maji baridi hayaharakishi kazi hiyo.

Kaluvu na pombe nyingine za nyumbani hazina kipimo, kwa kuwa nguvu yake hubadilika kulingana na sukari au asali iliyotiwa na siku ilizochachuka. Muuguzi akikuuliza, mwambie ukubwa wa kikombe au kibuyu na umekunywa vingapi.

Mazungumzo mafupi yenye faida

Wataalamu wamegundua kwamba mtu aliyeumia huwa tayari kusikiliza kuliko siku nyingine yoyote. Kidonda bado kinauma, na anaona kwa macho yake pombe ilivyomgharimu. Mwaka 1999 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu majeruhi waliokuwa na tatizo la pombe. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa ushauri mfupi hospitalini walikuwa wamepunguza wastani wa vinywaji 22 kwa wiki. Wasiopewa walipunguza takriban 7.

Karibu nasi, hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, ikishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, iliandaa ushauri wa aina hii kwa majeruhi wanaofika kitengo cha dharura. Uliitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi aliyefunzwa huzungumza na mgonjwa ana kwa ana kwa Kiswahili, na ujumbe mfupi wa simu ukajaribiwa kama njia ya kumkumbusha baada ya kurudi nyumbani.

Katika mazungumzo ya aina hii hakuna mahubiri. Muuguzi huomba ruhusa kwanza, kisha hukueleza alama zako na uhusiano wake na jeraha lako. Hukuuliza unaona faida gani na hasara gani katika kunywa, na uko tayari kiasi gani kubadilika. Wewe ndiye unayechagua lengo: kuacha kabisa, kupunguza siku za kunywa, au kwa kuanzia, kutoendesha pikipiki ukiwa umekunywa. Mama mjamzito hushauriwa asinywe kabisa, kwa sababu hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Usiache ghafla bila msaada

Anayekunywa kila siku kwa wingi anaweza kupata madhara makubwa akikatiza pombe ghafla. Ndani ya saa 6 hadi 24 huanza kutetemeka, kutokwa na jasho na kukosa usingizi. Anaweza kupata kifafa katika siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne huenda akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huweza kuua.

Fikiria mgonjwa aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, akakana kwamba hunywa. Siku ya tatu anaanza kupiga kelele na kung'oa bandeji. Familia inadhani amerogwa, kumbe mwili unadai pombe. Angesema ukweli siku ya kwanza, angepewa dawa za kutuliza hali hiyo pamoja na vitamini B1 mapema.

Pombe usiyoijua ilikotoka

Mwezi Mei 2014, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za nchi yetu, Kitui ikiwemo, na wengine wakapoteza macho. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: kuona ukungu, tumbo kuuma, kutapika na kupumua kwa kasi. Ukiona dalili hizi usilale ukisubiri kupambazuke. Nenda hospitali mara moja, useme ulikunywa nini na mlikuwa nani, ili wenzako nao watafutwe.

Haki zako

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ni ya kila mtu, awe amelewa au la. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako. Unaweza kuomba jamaa watoke nje kabla ya kujibu maswali kuhusu pombe, na majibu yako ni sehemu ya rekodi yako ya matibabu, ambayo haipaswi kutangazwa.

Familia inaweza kufanya nini?

Mlevi aliyelala asiyeamka akiitwa, anayepumua polepole au aliyegonga kichwa ni mgonjwa wa dharura. Mlaze kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, usimpe chakula wala kinywaji, na umpeleke hospitali. Usimwache peke yake.

Kwa ambaye hajaumia bado, anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au zahanati iliyo karibu, na uulize kuhusu ushauri wa pombe. Mamlaka ya kitaifa ya NACADA ina nambari ya simu isiyolipishwa, 1192, inayopokelewa saa 24. Anayepiga anaweza kuwa mnywaji mwenyewe, mke, mume au mzazi.

Na siku muuguzi atakapokuuliza ulikunywa kiasi gani, mpe hesabu kamili. Ataitumia kuamua akutibu vipi usiku huo.